Siku ya Arobaini na Moja

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya siku ya arobaini na moja.

Ya arobaini tunaijua sote. Pwani na visiwani mzazi hukaa ndani. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wenye pilipili manga, hufungwa tumbo, na mtoto huogeshwa na watu wazima waliokwisha kuogesha wengi kabla yake. Bibi yupo, shangazi yupo, wifi anaingia na kutoka. Mtoto akianza kulia saa tisa za usiku, hakosekani wa kusema, "Nipe mie, wewe lala." Halafu arobaini inatimia. Mama anatolewa nje, udi unafukizwa, watu wanakula, na kesho yake bibi anapanda basi kurudi kwao Tanga au Lindi. Mume alikwisha kurudi kazini zamani, maana sheria ya kazi ya Tanzania humpa baba siku 3 za likizo ya uzazi, na ya Kenya wiki 2. Siku ya arobaini na moja mama anaamka, yuko yeye na mtoto.

Na hizo ndizo siku ambazo mtoto hulia kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Sibahatishi. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za akina mama 80 walioandika kila siku watoto wao wamelia kwa muda gani. Watoto wale walikuwa wazima. Walipokuwa na wiki 2 walilia kiasi cha saa moja na dakika 45 kwa siku. Kilio kikapanda wiki hadi wiki, na walipotimiza wiki 6 kikafika karibu saa 2 na dakika 45, kingi kikiwa cha jioni. Baada ya hapo kikaanza kushuka, na kufika wiki ya 12 kilikuwa chini ya saa moja kwa siku. Wiki 6 ni siku 42, msikilizaji. Bibi amepanda basi juzi tu.

Najua kuna mtu hapo alipo anatikisa kichwa. Anasema hao ni watoto wa Kizungu, wanaolazwa kwenye vitanda vyao peke yao na kunyonyeshwa kwa saa. Wa kwetu analala ubavuni kwa mama na hushinda mgongoni. Hoja yake ni nzuri, na watafiti wenyewe waliiwaza. Daktari Ronald Barr wa Kanada, pamoja na mwanaanthropolojia Melvin Konner, walichunguza kumbukumbu za watoto wa Wasan wa Kalahari, huko Botswana. Wasan wa wakati ule walimbeba mtoto karibu kutwa nzima, na alinyonya mara kadhaa ndani ya saa moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikuwa ya ajabu kidogo: watoto wale nao walianza kulia mara nyingi kama wenzao wa Ulaya na Marekani, na kilele chao kilikuwa wakati ule ule. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikwisha mapema, jumla yake ikawa kama nusu. Kwa hiyo mbeleko inafupisha kilio, haikifuti. Na nyongeza: Barr alipojaribu kuwashauri wazazi wa watoto ambao tayari ni walizi sana wawabebe zaidi, watoto hao hawakupunguza kilio. Mbebe mtoto wako kwa sababu anakuhitaji, lakini akiendelea kulia mgongoni usidhani umekosea kumfunga.

Kilio cha wiki hizi kina tabia zake, na mama akizijua mapema nusu ya hofu inaondoka. Huja bila sababu inayoonekana. Mtoto ameshiba, amekauka, hana joto, analia. Ulimbembeleza jana akanyamaza, unambembeleza leo vile vile hanyamazi. Uso unakunjamana, ngumi zinafumbwa, magoti yanapandishwa tumboni, unaapa ana maumivu makali. Anaweza kwenda hivyo saa nzima, wakati mwingine zaidi, na anapenda kuanza magharibi, pale pale unapotaka kuwasha jiko. Na kwa mtoto njiti, hesabu hizo wiki 6 tangu tarehe aliyotazamiwa kuzaliwa, wala si tangu alipozaliwa. Vinginevyo utashangaa mtoto wa miezi 3 anaanza kulia upya.

Sisi kilio hiki tumekipa majina mengi. Kuna mchango, kuna jicho, kuna mtoto aliyepitishwa njia panda usiku. Sina ugomvi na bibi anayefunga uzi au kumsomea mtoto. Mtoto anasomewa, mama anatulia, na kutulia kwa mama si jambo dogo. Ugomvi wangu ni na jina moja: "maziwa hayamtoshi." Neno hilo likishasemwa na mama mkwe, mtoto wa wiki 6 anaanzishiwa uji mwepesi, au maji ya sukari, au kijiko cha dawa ya majani, naye anaharisha, na sasa ana sababu ya kweli ya kulia. Kama anaongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki na anakojoa vizuri, maziwa yanamtosha. Ya mama peke yake, mpaka miezi 6.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo watu hawapendi kulisema redioni.

Mtu mzima aliyechoka, ambaye hajalala siku tatu, anayesikia kilio kisichokatika, hufika mahali ambapo mikono inamshika mtoto mabegani au kifuani na kumtikisa. "Nyamaza! Nyamaza!" Sekunde chache. Na mtoto ananyamaza. Hapo ndipo ilipo hatari, kwa sababu aliyetikisa huona dawa imefanya kazi, na kesho ataitumia tena. Mtoto hakunyamaza kwa kubembelezwa. Amenyamaza kwa sababu ubongo wake umeumia.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo bado haina nguvu za kukizuia. Ubongo wake ni laini kama nyama ya dafu changa, ile unayoikwangua kwa ukucha. Mtoto akitikiswa, kichwa huenda mbele na nyuma kwa kasi, ubongo unasota ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu inayoushikiza ubongo na utando wake inakatika. Damu inavuja, inajaa juu ya ubongo. Ubongo nao unavimba, mtoto anapungukiwa pumzi. Nyuma ya macho, ndani kabisa, damu inavuja pia. Kwa nje huenda usione hata mchubuko. Nchini Marekani, ambako hesabu zinawekwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaopatwa na haya hufa, na wengi wa wanaopona hubaki na upofu, kifafa, kupooza au akili nzito maisha yao yote.

Niseme upesi nisije nikawatia watu hofu isiyo na maana: kumpembea mtoto mikononi, kumchezesha magotini, kumfunga mbeleko ukatembea, kupita naye kwenye barabara ya mashimo, hayo siyo ninayoyazungumzia. Ninazungumzia mtikiso wa hasira, ambao jirani akiuona angepiga kelele. Mchezo wa akina baba wa kumrusha mtoto juu na kumdaka nao si huo, ingawa tungeuacha tu, maana siku moja mikono itateleza.

Jambo hili halina miaka mingi katika vitabu vya tiba. Mwaka 1971, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Hull, Uingereza, Norman Guthkelch, aliandika makala fupi juu ya watoto waliokuwa na damu kuzunguka ubongo bila alama yoyote ya kupigwa kichwani. Aligundua kwamba katika sehemu alizofanyia kazi wazazi hawakuona aibu kusema wanamtikisa mtoto. Waliona ni afadhali kuliko kumpiga. Nia yake ilikuwa kuwaonya. Alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 100, na katika miaka yake ya mwisho alilalamika hadharani kwamba makala yake imegeuzwa silaha mahakamani, watu wanafungwa kwa dalili za kitabibu pekee bila ushahidi mwingine. Ubishi huo wa mahakama unaendelea hadi leo, hasa Marekani, na una haki ya kuwapo: dalili zile zaweza kuletwa na maradhi au ajali. Lakini kumtikisa mtoto kwamba kunaua, hilo Guthkelch hakulifuta. Na mimi leo simtafuti wa kumfunga. Namtafuta mzazi ambaye bado hajafanya.

Usiseme watu wa namna hiyo ni wakatili, wewe huwezi. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi waliwauliza wazazi wa watoto wachanga, na wale wenye watoto wa miezi 6, karibu 6 kati ya kila 100, walikiri kwamba angalau mara moja wamemziba mtoto pumzi, wamempiga kofi au wamemtikisa kwa sababu ya kilio. Uholanzi, nchi ambayo nesi humfuata mama mpaka nyumbani! Na waliokiri ni wale waliokuwa na moyo wa kukiri.

Je, mambo haya yafundishika? Desemba 1998, daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto, Mark Dias, alianzisha mpango katika hospitali za magharibi mwa jimbo la New York, kuzunguka mji wa Buffalo. Kabla mama hajatoka wodini, nesi alikaa naye, na baba naye akaitwa kama yupo. Wakapewa kijikaratasi, wakaonyeshwa video, kisha wakaombwa kutia sahihi, kwa hiari, kwamba wameelewa na watamfundisha kila atakayemlea mtoto huyo. Miaka 5 na nusu baadaye, watoto wanaoumizwa hivyo walikuwa wamepungua kwa asilimia 47. Ulimwengu wa tiba ulishangilia.

Wakaupeleka mpango kama huo Pennsylvania, jimbo zima. Wazazi walijifunza, walikumbuka, wakatia sahihi. Idadi ya watoto waliolazwa haikupungua. Carolina Kaskazini nao walijaribu mpango uliotungwa na Barr, na idadi haikushuka, ingawa simu za wazazi kuwauliza manesi juu ya kilio zilipungua. Lakini British Columbia, Kanada, walioutumia mpango huo huo tangu 2009, walipata upungufu wa asilimia 35.

Wapo waliokwisha kusema mafunzo haya ni kupoteza muda, kwa sababu ya Pennsylvania. Mimi nasoma vingine. Kanada mama hakuambiwa mara moja tu. Aliambiwa wodini, nesi wa afya ya jamii akamrudia nyumbani katika wiki za mwanzo, na mtaani matangazo yakawaambia wale ambao hawakuzaa, yaani majirani, wajomba na wapenzi wa akina mama. Mama aliyejifungua jana, mwenye nyuzi na homa ya maziwa, anaambiwa juu ya kilio kitakachofika kileleni mwezi ujao. Atakumbuka nini? Siku hiyo hata jina la nesi halikumbuki.

Na kubwa zaidi: anayetikisa mara nyingi siye mama. Katika hesabu za nchi zilizochunguza, wengi ni wanaume, baba au mwanamume anayeishi na mama, na baada yao walezi. Tunamfundisha mama kwa sababu ndiye anayekaa benchi la kliniki, yupo, hana pa kwenda. Baba ameishia getini. Hodi yake ya mwisho wodini ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, akaleta chupa ya chai, akafukuzwa muda ulipokwisha.

Hapa kwetu tuna jambo moja ambalo Buffalo hawakuwa nalo, na sijui kwa nini hatulitumii. Ratiba yetu ya chanjo, Tanzania na Kenya, humwita mtoto kliniki akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Itazame tena. Mama anafika mbele ya nesi juma lile lile kilio kimefika kileleni. Anarudi kikiwa kinaanza kushuka. Anarudi mara ya tatu kikiwa kimekwisha au karibu. Nesi hahitaji video wala karatasi ya kutia sahihi. Anahitaji kuuliza swali moja wakati anachoma sindano: "Mama, jioni analia sana?" Atajibiwa kwa machozi, mara nyingi. Kisha swali la pili, gumu zaidi: "Na wewe, unalala? Kuna wakati unahisi utamtupa?" Mama anayesema ndiyo si mama mbaya. Anayesema ndiyo kila siku, hali, halali, hataki kumtazama mtoto, huenda ana sonona ya uzazi, nayo hutibiwa. Asirudishwe nyumbani na panadoli.

Baadhi ya kliniki humhudumia kwanza mama aliyekuja na mume. Basi huyo mume aliyekaa pale akitazama simu yake, aambiwe naye. Dakika mbili.

Kuna mwingine asiyeambiwa na mtu. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, yaani wiki 12. Mama anarudi kazini, mtoto anabaki na dada wa kazi, ambaye pengine ana miaka 17, hajazaa, ametoka kijijini mwezi uliopita, anaogopa kufukuzwa. Huko Marekani, watoto wanaofikishwa hospitalini kwa kutikiswa wako wengi zaidi katika wiki ya 10 hadi ya 13. Sisemi kwamba dada wetu wa kazi ndio wanaotenda. Nasema tumemwachia binti jambo zito tukamwelekeza mahali pa kuweka sukari. Kabla hujatoka mwambie hivi: "Akilia ukashindwa, mlaze, toka nje, nipigie. Sitakugombeza." Na akipiga, usimgombeze kweli.

Kumlaza na kutoka. Hilo ndilo fundisho zima, na ndilo linalowashinda watu, kwa sababu linaonekana kama kumtupa mtoto. Kwanza mkague. Ameshiba? Nepi kavu, pini haijafunguka? Mvue nguo umtazame mwili, kuna chungu ameingia, kuna unywele wa mama umejisokota kwenye kidole cha mguu ukakibana, hutokea. Mpe ziwa, mbebe, tembea naye, mwimbie, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu. Ukiona mikono yako inaanza kumbana, simama. Mlaze chali kitandani, mbali na ukingo, pasiwe na mto wala kanga usoni. Toka. Dakika 10. Kunywa maji, nawa uso, mpigie dada yako. Rudi umtazame. Mtoto mzima hafi kwa kulia dakika 10.

Vijitabu vya Wazungu husema nenda chumba kingine. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja, na chumba kingine kina mpangaji anayegonga ukuta akilalamika. Basi toka mlangoni, kaa kizingitini, huko bado unamsikia. Na wewe unayegonga ukuta: afadhali ugonge mlango, umwombe mtoto umshike nusu saa. Mkono mmoja haulei mwana, tumeliandika hadi kwenye kanga. Lakini kanga haishiki mtoto.

Kuna kilio ambacho si cha kusubiri. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, aende hospitali leo hii. Aliyegoma kunyonya, anayetapika rangi ya majani, anayehema kwa shida, mwenye damu kwenye choo, au ambaye kilio chake kimebadilika kikawa chembamba cha ajabu, aende pia.

Na la mwisho ni la wale ambao limekwisha kutokea. Mtoto amelegea, analala haamki vizuri, anatapika, utosi umevimba, anakakamaa na kutetemeka. Kwetu dalili hizo zina jina tayari: degedege. Bibi atakimbilia dawa yake, na zahanati itapima malaria kisha itawaza homa ya uti wa mgongo, kwa sababu hayo ndiyo yanayofika kila siku. Kama mtoto alitikiswa, na wewe unajua, au ni wewe, mwambie daktari hapo mapokezi. Usiseme alianguka kitandani. Usingoje waulize. Daktari akijua, atataka ichunguzwe kama kuna damu ndani ya kichwa, na atampeleka mtoto haraka kwenye hospitali ya rufaa yenye kipimo cha kichwa na mpasuaji. Asipojua atatundika dripu ya malaria na kusubiri asubuhi.